Aplikesheni inasema nina upungufu wa vitu tisa na siumwi popote. Hizi asilimia za RDA zinasomwaje wakuu?

#1 Njia_Panda_Kibaha

Wakuu salaam, naomba wenye uelewa wa mambo ya lishe mnisaidie maana mwenzenu nimeanza kujiona mgonjwa kwa sababu ya simu. Wiki mbili zilizopita nilipakua aplikesheni ya kuhesabu chakula, shida yangu ilikuwa kitambi tu, sasa ile kitu ukishaandika ulichokula haiishii kwenye kalori, inakushushia vitamini na madini yote na kila kimoja kina asilimia ya RDA, kikiwa pungufu kinakuwa chekundu. Mimi mwanaume, miaka 34, kilo 71, nakaa Kibaha kazi yangu iko Kariakoo, siumwi, mara ya mwisho kulazwa nilikuwa darasa la nne. Chakula changu ni hiki hiki mnachokijua, asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali maharage na mchicha kwa mama ntilie, usiku ugali dagaa. Basi nyekundu tisa! Kalsiamu 41%, vitamini D 6%, vitamini C 67%, zingine sitaki hata kuzitaja. Kilichonipa moyo ni madini chuma, nina 163%, nikatamba nyumbani. Mama watoto akajaribu na yeye, chakula kilekile sufuria moja, ikamletea 67% nyekundu. Tukabaki tunaangaliana.

Jumatano nikaingia duka la dawa nikaeleza, kijana wa pale hakuuliza mara mbili, akanishushia kopo la vidonge 30, elfu arobaini na tano hiyo imeenda. Nyuma limeandikwa vitamini C 1250%. Hapo ndo nikachoka, kama 100% ndo mwili unavyotaka hiyo 1250 inaenda wapi? Na hiyo 67 yangu maana yake naumwa ila sijui, au? Nani alikaa akapanga hizi namba?

#2 Mzee_wa_Mihogo

Babu yangu Newala alikula mhogo na kisamvu maisha yake yote akafika 90 na kitu, hana simu. Futa hiyo kitu ulale.

#3 Jino_la_Pembe

Mwenzio nilishauziwa kopo kama hilo mwaka jana, nilichopata ni mkojo wa njano kama rangi ya daladala.

#4 Chakula_cha_Kuku

Mkuu usifute aplikesheni, ila jifunze kuisoma. Mi nilisoma lishe pale SUA Morogoro, lishe ya watu kabisa, maisha yakanipeleka kwenye kiwanda cha chakula cha kuku, na nakwambia kuku wa nchi hii wanapigiwa hesabu ya virutubishi kuliko sisi. Wa mayai kalsiamu ni asilimia 3.5 mpaka 4 ya chakula, ukikosea wiki tu maganda yanakuwa laini, mteja anakupigia simu anatukana.

Sasa RDA. Chukua wanaume 100 wa umri wako, wazima, wapange mstari. Kila mmoja mwili wake unahitaji kiasi tofauti cha vitamini C, mwingine kidogo mwingine nyingi, wengi wako katikati. Ile katikati, kiasi ambacho nusu ya watu kinawatosha na nusu hakiwatoshi, kina jina lake, wanaita EAR, kwa mwanaume vitamini C ni 75 mg. Ila ukimwambia mtu ale 75 unamwachia nafasi ya nusu kwa nusu awe kwenye kundi la wasiotosheka, kwa hiyo wakapandisha juu mpaka kiasi ambacho watu 97 au 98 kati ya 100 kinawatosha. Hiyo ndo RDA, 90 mg. Ni kama fremu ya mlango, fundi anaiweka juu ili karibu kila mtu apite bila kuinama. We kichwa chako kutogusa fremu hakukufanyi mfupi!

Kwa hiyo kuwa chini ya 100% sio ugonjwa. Wengi hapo katikati wako vizuri kabisa na 85%. Ila sitaki nikudanganye pia, 67% ya 90 ni 60 mg, iko chini ya ile katikati, yaani uwezekano kwamba hujitoshelezi ni mkubwa kuliko kwamba unajitosheleza. Katika nyekundu zako zote tisa hiyo ndo ningeiangalia mimi, na dawa yake ni pera moja ama chungwa, sio elfu 45. Pera lina vitamini C mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, gramu 100 zinapita 200 mg.

Halafu hizi ni wastani wa siku nyingi, sio mtihani wa kila jioni. Jumatatu ukila mbovu mwili haufi Jumanne.

#5 Njia_Panda_Kibaha

Aisee. Kwa hiyo na kalori nazo ni hivyohivyo, 2000 ni ya watu 97?

#6 Chakula_cha_Kuku

Hapana na hilo ni swali zuri, kalori ndo wameiacha palepale kwenye wastani makusudi. Vitamini C ikizidi kidogo unaikojoa, kalori ikizidi unaivaa kiunoni. Wangeiweka juu ili watu 97 watosheke basi karibu wote wangenenepa. Na hiyo 2000 ya kwenye lebo ni namba ya kurahisisha hesabu za lebo tu, we na mtoto wa darasa la pili na mbeba mizigo wa Kariakoo hamuwezi kuwa na namba moja.

#7 Mama_Wawili_Tegeta

Naomba kuchomekea hapo kwenye madini chuma maana mimi ni mjamzito miezi mitano. Kliniki wananipa FEFO, vile vidonge vya chuma na foliki asidi, kwenye pakiti imeandikwa 200 mg, nikaja kusoma mtandaoni mjamzito anatakiwa 27 mg na mwisho kabisa ni 45. Nimeshituka, nimeacha siku tatu. Kaka wa kuku nisaidie.

#8 Chakula_cha_Kuku

Dada yangu rudia vidonge leo hii, na ukienda kliniki waambie uliacha siku tatu. Ile 200 ni uzito wa chumvi yenyewe ya chuma, chuma halisi humo ndani ni kama 60 mg na kidogo. Na WHO wenyewe wanashauri mjamzito apewe 30 mpaka 60 mg kila siku pamoja na foliki asidi. Ile 45 ni kiwango cha juu kwa mtu mzima anayejinywea mwenyewe, wamekiweka kwa sababu ikizidi hapo tumbo linasumbua, kichefuchefu, choo kigumu. Dawa uliyopewa kliniki na wanakufuatilia ni hesabu nyingine. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma.

Sasa Njia Panda, hapa ndo nataka nikuondolee raha yako ya 163%. Aplikesheni yako inatumia namba za Marekani, mwanaume 8 mg, mwanamke mwenye umri wa kuzaa 18, anapoteza damu kila mwezi ndo maana shemeji sufuria moja na wewe lakini yeye nyekundu. Lakini zile namba zimepigwa kwa mtu anayekula nyama nyama, mwili unafyonza kama asilimia 18 ya chuma anachokula. Sisi wa ugali na maharage hatufiki huko! Mahindi na maharage yana kitu kinaitwa faiteti kinakishika chuma kisiingie mwilini, na chai yako ya rangi na chapati ndo inamalizia. FAO na WHO walipotoa viwango vyao 2004 walilijua hilo, wakaandika safu nne kulingana na chuma kinavyofyonzwa. Mwanaume chakula kikifyonzwa asilimia 15 anahitaji 9.1 mg, ikiwa 10 anahitaji 13.7, ikiwa 5 anahitaji 27.4. Mwanamke kwa asilimia 5 ni 58.8. Hamsini na nane!! We unakula kama 13, kwa Mmarekani uko juu, kwa safu ya asilimia 10 uko pembeni ya mstari, kwa ya 5 hujafika hata nusu. Kijani chako sio kijani sana.

#9 Njia_Panda_Kibaha

Daah. Yaani nyekundu sio nyekundu na kijani sio kijani.

#10 Mama_Wawili_Tegeta

Asante sana kaka, nimemeza. Nilikuwa nashushia na chai ya maziwa, kumbe.

#11 Chakula_cha_Kuku

Ondoa chai hapo dada, shushia na maji au juisi ya chungwa, chai iachie saa nzima mbele au mbili. Maziwa nayo yanabana chuma, yanywe wakati mwingine.

Na wengine mnaouliza inbox, ni hivyohivyo kwenye chakula. Kamulia limau kwenye mchicha ukishaepua, sio ukiwa jikoni unachemka maana moto unaua vitamini C. Maharage loweka usiku maji ya kulowekea mwaga. Uji ule uliochachuka wa bibi zetu faiteti imepungua. Dona lina chuma kingi kuliko sembe ila na faiteti nyingi pia, kwa hiyo usilipe sifa zote. Na kipande kidogo cha nyama au dagaa kwenye maharage kinasaidia chuma cha maharage yenyewe kuingia, sio lazima kilo.

#12 Kalamu_Nyekundu

Mi nina shaka na hizi namba zote. Nilikuwa Uingereza miaka miwili, kule vitamini C ni 40 mg. Marekani 90. Wazungu hao hao. Na kopo la huyu jamaa linasema 1250% nikapiga hesabu, lina 1000 mg, maana yake 100% yao ni 80. Sasa binadamu ni mmoja au ni wengi?

#13 Chakula_cha_Kuku

Kalamu umegusa penyewe. Uingereza 40, WHO 45, lebo za Ulaya 80, Marekani mwanaume 90 mwanamke 75, na EFSA ambao ndo wakala wa chakula wa Ulaya wakaja kusema mwanaume 110. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amejibu swali tofauti. Ukiuliza kiasi gani kinazuia kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia wa fizi kutoka damu, jibu ni kama 10 mg. Hiyo waliijaribu Sheffield wakati wa vita kuu ya pili, vijana waliogoma kwenda vitani wakajitolea kulishwa chakula kisicho na vitamini C mpaka vidonda vikagoma kupona, wakaja kuona 10 mg kwa siku zinawaponya. Waingereza wakaanzia hapo wakaongeza akiba. Wamarekani wao wakauliza kiasi gani kinajaza chembe za damu karibu zifurike, wakapata kubwa. Swali likiwa tofauti namba itakuwaje moja?

Na ukifikiria vizuri hata chanzo cha RDA ni vita. 1941 Marekani waliitisha mkutano wa lishe kwa ajili ya ulinzi wa taifa, wanajua vita inakuja wanataka watu wenye nguvu, kamati ikaongozwa na mama mmoja anaitwa Lydia Roberts, kitabu kikatoka 1943. Halafu hilo neno la mwisho kwenye RDA, ile A, kwa Kiingereza ni "allowance", neno lilelile tunalolitumia kwenye semina, posho! Hawakutaka kuita kiwango watu wakadhani ni amri ya mwisho, wakaita posho ya chakula. Na posho siku zote unapewa ya kutosha na chenji.

#14 Mzee_wa_Mihogo

Posho nimeelewa sasa. Nipeni na nauli.

#15 Kilo_Mia_Benchi

Protini jamani mbona hamzungumzii, kocha wetu jimu anasema gramu 200 kwa siku bila hivyo misuli inaliwa.

#16 Chakula_cha_Kuku

0.8 kwa kila kilo ya mwili, WHO 0.83. Njia Panda kilo 71 ni kama gramu 57. Kikombe cha maharage yaliyoiva 15, yai 6, dagaa wanaongezea, anafika bila unga wa kopo. Wanaonyanyua vyuma wanahitaji zaidi kidogo, ila 200 muulize kocha kama ndo anauza huo unga.

#17 Kilo_Mia_Benchi

Anauza 😂

#18 Njia_Panda_Kibaha

Mkuu turudi kwenye kalsiamu na vitamini D maana bado 41 na 6 zinanitazama.

#19 Chakula_cha_Kuku

Vitamini D hiyo namba yao, maikrogramu 15, imewekwa kwa mtu asiyepata jua kabisa kabisa, na aplikesheni inahesabu kilichopita mdomoni tu. Haijui kama unasubiri mwendokasi juani kila siku. We na 6% yako lala, labda ungekuwa mtu wa ndani kutwa nzima au unajifunika mwili wote ndo tungeongea vingine.

Kalsiamu, swali moja kwanza, dagaa uliwaandika vipi?

#20 Njia_Panda_Kibaha

Niliandika samaki, ikaniletea orodha ndefu nikachagua "samaki mweupe, minofu, aliyechemshwa".

#21 Chakula_cha_Kuku

Hahaha haya! Minofu! Dagaa unamla kichwa, mkia, mifupa, ndo kalsiamu yenyewe iko huko, we umeandika minofu ya samaki wa Ulaya aliyetolewa mifupa. Aplikesheni haina kosa, umeilisha uongo. Lipo jedwali la vyakula vya Tanzania la 2008, walilitengeneza Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Harvard, lina dagaa, lina mchicha wetu na ugali. Tafuta ujaze mwenyewe. Na hata bila hivyo, hiyo 100% yao ni 1000 mg, Uingereza mtu mzima wanasema 700. Kikombe cha maziwa tu kina kama 300.

#22 Dada_wa_Chanika

Swali, mimi mama yangu ana figo na mdogo wangu sikoseli. Hizi namba zinawahusu?

#23 Chakula_cha_Kuku

Hapana dada, na ni vizuri umeuliza kabla hujajaribu. Viwango vyote tunavyoongea hapa ni vya watu wazima wa afya, imeandikwa hivyo toka mwanzo. Mtu wa figo potasiamu ambayo kwangu ni nzuri kwake inaweza kusimamisha moyo, hata mchicha na ndizi anapangiwa. Sikoseli hawajipi chuma hovyo, wakiongezewa damu mara kwa mara chuma kinajaa mwilini. Hao ni wa daktari na mtaalamu wa lishe wa hospitali, sio wa uzi.

#24 Jino_la_Pembe

Na ile ya glasi nane za maji?

#25 Chakula_cha_Kuku

Bodi ileile ya RDA 1945 iliandika lita mbili na nusu kwa siku, na hapohapo ikasema sehemu kubwa ya hayo maji yamo kwenye chakula. Watu wakabeba ya kwanza. Wali, maharage, chai, tikiti, yote maji.

#26 Kalamu_Nyekundu

Sawa, nimekubali upande wa kupungua. Je upande wa kuzidi, kopo la 1250%?

#27 Chakula_cha_Kuku

Vitamini C kiwango cha juu Marekani ni 2000 mg, kidonge chake kina 1000, atahara kidogo akinywa viwili vitatu, hafi. Ninayoiogopa mimi ni vitamini A ile ya wanyama, ya kwenye maini na makopo. Mtu mzima mwisho 3000 maikrogramu, gramu mia za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zinaweza kupita 9000. Mtu mzima akila maini mara moja moja hana shida, mjamzito ndo hapana, inaweza kuharibu mtoto hasa miezi ya mwanzo, Uingereza wajawazito wanaambiwa maini wasiguse. Mama Wawili umenisikia? Ya karoti na viazi lishe haina shida hiyo, mwili unaigeuza kidogo kidogo kadiri unavyotaka.

Njia Panda geuza kopo usome vitamini A iko ngapi na imeandikwa retino kitu gani. Na kumbuka mafuta ya kula yanayouzwa dukani yanatakiwa yawe yameshaongezewa vitamini A kwa sheria, unga wa ngano umeongezewa chuma na foliki asidi, chumvi ina madini joto. Yaani chapati zako mbili zina virutubishi vya serikali tayari, na aplikesheni ya Marekani haijui.

#28 Mama_Wawili_Tegeta

Nimesikia kaka. Na maini nilikuwa nanunuliwa kila Jumamosi na mama mkwe, anasema yanaongeza damu. Sijui nitamwambiaje.

#29 Mzee_wa_Mihogo

Mwambie mtoto kakataa.

#30 Njia_Panda_Kibaha

Wakuu mrejesho. Nimelipata lile jedwali, nimekaa nalo jana usiku nikajaza dagaa upya, kiganja kimoja tu cha wakavu, kalsiamu ikaruka kutoka 41 mpaka 97%. Mama watoto chai kaihamishia saa nne asubuhi, siku ya kwanza kichwa kilimuuma akanilaumu mimi. Mapera nanunua pale stendi, matano elfu moja. Nyekundu zimebaki nne na sasa hivi naziangalia kama fremu ya mlango.

Kopo nimerudisha wamekataa kupokea, wanasema limefunguliwa. Vitamini A humo ni 800 maikrogramu, aina ya retino. Nimelifunga nimeliweka juu ya kabati.

#31 Chakula_cha_Kuku

Safi. Usiwape kuku.